Hana Mbele ya Kiti cha Eli



Neno letu la mwezi huu limo katika kitabu cha kwanza cha Samweli, mlango wa 1, toka mstari wa 9 hata wa 18. Lisomeni kwanza nyumbani mwenu, kisha mrudi katika ukurasa huu.

Mwamjua Hana, mke wa Elkana. Hakuwa na mtoto, na mke mwenzake Penina alimchokoza mwaka hata mwaka, naye akalia, asile chakula. Mumewe alimpenda, lakini majonzi yake hakuyafahamu. Alidhani ya kuwa mapenzi ya mume yatosha kuyaondoa. Siku moja huko Shilo, watu walipokwisha kula na kunywa, Hana aliondoka akaenda kuomba. Midomo yake ilitikisika, lakini sauti yake haikusikiwa. Na kuhani Eli alikuwa ameketi kitini kando ya mlango, akimtazama kinywa. Akamtazama, akampima, akakata shauri moyoni mwake: mwanamke huyu amelewa. Akamkemea.

Angalieni, ndugu zangu. Eli hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mzee wa kazi ile, naye aliwekwa pale kuwaangalia waingiao na watokao. Kosa lake ni moja tu: alipima kwa macho jambo lisiloonekana kwa macho.

Simsemi Hana ya kuwa alikuwa na ugonjwa wa akili. Huzuni ni huzuni, na ugonjwa ni ugonjwa. Lakini wako wengi kati yetu ambao ugonjwa wao wafanana na maombi ya Hana: midomo yatikisika, wala sauti haisikiwi. Kuna mtu mwenye sonona, ambaye asubuhi hawezi kuinuka kitandani kana kwamba amewekewa jiwe kifuani. Kuna asikiaye maneno ambayo wengine hawayasikii. Kuna ambaye hofu humshika njiani, asiweze kwenda mbele wala kurudi nyuma. Nao si wachache. Shirika la Afya Duniani lilihesabu ya kuwa katika mwaka 2019 mtu mmoja katika kila watu 8 duniani aliishi na ugonjwa wa akili wa namna moja au nyingine. Hesabuni wenyewe vichwa vilivyo katika benchi moja la kanisa lenu, nanyi mtafahamu.

Sisi wa Mwanza imetupasa kulifahamu jambo hili kuliko wengine. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na mji wetu, ikafa nayo mamia ya watu. Makaburi ya Igoma twayaona kwa macho. Lakini wale waliopona majini, na wale waliongoja pwani jina la ndugu lisiloitwa, majeraha yao hayana jiwe la kaburi lenye maandiko. Apitaye barabarani huwaona, husema, "Huyu ni mzima."

Tena ugonjwa wa namna hii huja na kwenda. Wavuvi walifahamu vema jambo hili, maana lafanana na ziwa letu. Mgeni akifika Kirumba asubuhi, ataliona ziwa limelala kama mkeka. Akiandika katika kitabu chake ya kuwa ziwa hili halina mawimbi, je, amesema uongo? Hapana, ameandika alichokiona. Lakini yule aliyepinduliwa mtumbwi usiku anajua ya kuwa maandiko yale si kweli. Ndivyo alivyo mgonjwa wa akili siku anapoitwa kupimwa. Huenda siku ile amelala vema, amevaa nguo safi, anajibu kwa adabu. Naye mwenye kalamu huandika: ziwa halina mawimbi.

Katika siku zetu viti kama kile cha Eli ni vingi. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao watu wote huuita TASAF, ulianzishwa mwaka 2000, na katika awamu yake ya tatu ukaleta mpango wa kunusuru kaya maskini. Wakaaji wa kijiji au mtaa walikutanishwa wazitaje kaya zilizo na shida kupita nyingine. Kisha watu wa kaya waliulizwa habari za nyumba yao, vyombo vyao na idadi yao, na majibu yakapimwa. Kipindi cha pili cha mpango huo kilizinduliwa Februari 2020. Tena, mtu aliyeajiriwa akachangia katika mfuko wa hifadhi ya jamii, akishindwa na kazi kwa sababu ya ugonjwa, aweza kuomba pensheni ya ulemavu. Hapo madaktari ndio wapimao nguvu ya kazi iliyopotea. Tena, kwa sheria ya mwaka 2018 halmashauri ziliagizwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hizo asilimia 2 ni kwa watu wenye ulemavu. Katika kila mlango wa namna hii yuko mtu ameketi, na mbele yake yuko mtu amesimama, naye hutazamwa.

Wala mgonjwa wa akili asidhani ya kuwa anaomba kisicho chake. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haikutaja viungo vya mwili peke yake, bali na akili pia. Mwaka 2009 nchi yetu iliuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, nao wawataja vilevile. Mlango upo. Shida ni macho yatazamayo mlangoni.

Na shida hii si ya nchi maskini tu. Uingereza, ambako ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki wanaishi, mwaka 2013 kiliwekwa kipimo kipya cha msaada wa ulemavu, chenye kuhesabu alama kwa kila jambo ambalo mtu haliwezi. Mwaka 2017 ikatolewa kanuni iliyowapunguzia alama wale ambao safari huwashinda kwa sababu ya dhiki ya moyoni. Desemba ya mwaka uleule Mahakama Kuu huko London ikahukumu ya kuwa kanuni ile iliwabagua wagonjwa wa akili, na Januari 2018 serikali ikasema haitakata rufaa, ikaahidi kuyapitia tena maombi yapatayo 1,600,000. Basi hata kwenye vitabu vingi na mashine nyingi, Eli huweza kukosea vilevile.

Nami sasa yanipasa kuungama mbele yenu.

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa mwinjilisti katika usharika mmoja wa kando ya ziwa, palikuwa na ndugu fundi wa kushona nyavu. Wenye mitumbwi walimtafuta, maana mikono yake ilikuwa stadi. Lakini kila mwaka ugonjwa ulimshika. Alikaa ndani juma mbili au tatu, hali, haogi, hasemi na mtu. Alikwenda kliniki, akapewa dawa, akapata nafuu, kisha ukarudi. Mwisho wenye mitumbwi waliacha kumpa kazi, kwa kuwa nyavu haziwezi kungoja mtu apone. Yeye na mama yake mzee wakaanza kulala na njaa.

Ikafika siku ya kikao cha kuwataja wenye shida ili wapate msaada. Jina lake likatajwa. Mtu mmoja akasema, "Huyu? Ana mikono miwili na miguu miwili, na juzi nimemwona sokoni." Watu wakacheka. Mwandishi akanigeukia, kwa kuwa niliketi mbele pamoja na wazee, akaniuliza, "Mwalimu, wewe unamfahamu. Waonaje?" Nami nikajibu, "Ni mtu wa nguvu. Jumapili ameimba vizuri sana."

Nilidhani ninamsifu. Jina lake likafutwa.

Jioni akaja nyumbani kwangu pamoja na mama yake. Hakupaza sauti. Akaniambia, "Mwalimu, Jumapili ile nilikuwa sijalala siku nne. Nilikuja kuimba kwa sababu niliogopa kukaa peke yangu na mawazo yangu. Uliisikia sauti yangu, lakini habari za siku nne hukuniuliza." Na mama yake akasema, "Hatukukuomba fedha, Baba. Tulitaka useme unayoyajua tu."

Wala mimi sikuwa na la kusema, maana sikuyajua. Na sikuyajua kwa kuwa sikuuliza. Usiku ule nilifahamu ya kuwa katika habari ya Hana mimi ndimi niliyeketi kitini.

Katika Katekisimo Ndogo twajifunza amri ya nane, inayotukataza kumshuhudia jirani uongo. Nami nilikuwa nimeifundisha kwa miaka mingi, nikidhani ni amri ya wasengenyaji na ya mashahidi wa barazani. Lakini Luther afundisha ya kuwa amri hii yatuagiza pia kumtetea jirani. Basi anyamazaye palipompasa kusema ameivunja, naye asemaye asilolijua ameivunja, hata kama maneno yake ni ya sifa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, sikieni maneno matatu.

Neno la kwanza ni kwenu ninyi mnaougua. Hana alipokemewa hakukimbia, wala hakunyamaza, wala hakujifanya mlevi ili amridhishe kuhani. Alimwambia kwa heshima ya kuwa sivyo, akaeleza lililo rohoni mwake. Fanyeni vivyo hivyo. Mtakapoitwa kupimwa, msielezeni siku ile njema tu kwa kuona haya. Semeni habari za siku mbaya: zilikuwa ngapi katika mwezi, mlishindwa na nini, nani aliwapikia, nani aliwafunika. Siku hizo ziandikeni mapema katika daftari, au mwandikiwe na jirani, kwa maana mbele ya meza moyo hudunda na maneno hukimbia. Chukueni kadi ya kliniki na majina ya dawa. Mwende na mtu akaaye nanyi, aliyeyaona ya usiku. Wala mtu asiache dawa ili aonekane mgonjwa. Huko ni kuitoboa mashua ili kuonyesha ya kuwa maji yapo. Wala mtu asiongeze neno lisilokuwapo, maana aongezaye humnyang'anya mgonjwa mwingine atakayesimama nyuma yake. Mkikataliwa, ulizeni sababu kwa upole, ulizeni na njia ya kukata rufaa, mwende pia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu.

Na kama karatasi ikirudi na neno la kukataa, jueni ya kuwa imepima habari zilizofika mezani, haikuwapima ninyi. Jina lenu liliandikwa katika ubatizo, wala hakuna kalamu ya kulifuta.

Neno la pili ni kwetu sote tulio usharikani. Tusiseme ya kuwa huyu amerogwa, au ya kuwa amefanya dhambi. Wanafunzi waliuliza namna hiyo juu ya yule kipofu, katika Yohana mlango wa 9, wakitaka kujua nani aliyekosa. Na Bwana akalikataa swali lao. Luther mwenyewe alishikwa mara nyingi na majonzi mazito, na katika barua zake aliwaonya wenye huzuni wasikae peke yao, bali watafute watu wa kula na kuzungumza nao. Na Walutheri wa nchi hii hawakuianza kazi hii jana: huko Lutindi, katika milima ya Usambara, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani ikawa, mwanzoni mwa karne ya 20, mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Na hapa Mwanza, juu ya kilima chetu, hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina madaktari wa ugonjwa huu. Mgonjwa apelekwe huko, wala asifungwe kamba nyumbani.

Basi ninyi waalimu na wazee, mwende pamoja nao siku ya kupimwa. Mkumbuke habari za Eliya, katika 1 Wafalme mlango wa 19. Alipochoka hata akaomba afe, Mungu hakuanza na maswali. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akampa tena. Maswali yalikuja baadaye, mlimani. Vivyo hivyo mgonjwa na ale kwanza, apumzike, ndipo aende mezani. Na jioni ya siku ile msimwache peke yake, maana aliyefunua jeraha lake mbele ya wageni hurudi nyumbani likiwa wazi. Akisema ya kuwa hataki kuishi, msimkemee, wala msidhani ni maneno tu. Kaeni naye, mkampeleke hospitali.

Neno la tatu ni kwenu mnaoketi kitini. Maana najua ya kuwa kati ya wasomaji wako watendaji wa mtaa, waganga, makarani na wajumbe. Kazi yenu ni njema. Tunapoomba mkate wa kila siku, twafundishwa ya kuwa serikali njema nayo imo katika mkate ule. Basi ninyi ni sehemu ya jibu la sala yetu. Nanyi mnajua ya kuwa waongo wapo, na fedha ni chache. Lakini Eli alifanya jambo moja ambalo kwalo twamheshimu hata leo. Aliposikia maelezo ya Hana, hakusema, "Nimekwisha kuandika." Aligeuka. Mzee yule, kuhani mkuu, aliliacha neno lake mbele ya mwanamke asiye na cheo, akamwombea mema. Si aibu kuligeuza shauri. Aibu ni kuuliza habari za bati na baiskeli, usiulize habari za usiku.

Sasa nimalize habari za yule fundi. Baada ya miezi mingi alipata nafasi ya kusikilizwa tena. Safari hii nilikwenda naye. Asubuhi mama yake alitupikia uji, tukanywa sote. Daftari lilikuwa na siku 41 za kukaa ndani katika mwaka mmoja. Yeye alisema machache. Mama yake alisema mengi. Nami nilisema ya kuwa mara ya kwanza nilinena nisilolijua. Mwenye kuandika aliweka kalamu chini, akasikiliza hata mwisho.

Ningependa kuwaambia ya kuwa fedha ilikuja. Haikuja mwaka ule. Wazee wa usharika walipatana na wenye mitumbwi wawili wampe nyavu katika majuma yake mema, na katika majuma mabaya kina mama walimpelekea chakula kwa zamu. Ni kidogo, lakini kingaliwezekana toka mwanzo, kama tungaliuliza.

Lakini siku ile, tulipokuwa tukirudi kwa njia ya ufukoni, alisimama penye mama mmoja akaangaye samaki. Akanunua sato na ugali, akaketi juu ya jiwe, akala. Mama yake akamtazama, machozi yakamtoka, maana alikuwa hajamwona akila hivyo siku nyingi. Nikamwuliza, "Ndugu, wafurahia nini? Bado hatujapewa kitu." Akajibu, "Leo nimesikiwa, Mwalimu."

Nendeni mkausome tena mstari wa 18. Hana alikwenda zake, akala chakula, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Angalieni ilikuwa lini. Samweli alikuwa hajazaliwa, wala hajatungwa mimba. Hana alikuwa hajapokea alichokiomba. Alikuwa amesikiwa tu, na Mungu kwanza, na kuhani baadaye. Kutoa fedha si katika uwezo wetu sikuzote. Kusikiliza ni katika uwezo wa kila mmoja wetu, na mbele za Mungu tutaulizwa habari zake.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeisikia sala isiyo na sauti, wasikie leo wote wasioweza kuyasema yaliyo mioyoni mwao. Wape wapimao masikio ya kusikia, utupe na sisi vinywa vya kushuhudia tunayoyajua, na miguu ya kuwasindikiza. Uwape wagonjwa usingizi, na chakula, na rafiki. Kwa Yesu Kristo, Bwana wetu. Amin.